Mtu Aliyeshika Kipande cha Mwisho

Nimewachukia watu wachache kwa dhati maishani mwangu, na sababu zilikuwa zile za kila mtu: nyumba, kazi, mapenzi. Mwenyekiti ndiye pekee niliyemchukia kwa sababu ya riwaya. Nalisema hili mapema ili msomaji asinitegemee kuwa mwadilifu. Wapo wanaoandika juu ya waliowaudhi baada ya hasira kupoa. Yangu haijapoa. Nimeiweka kwenye thamosi.

Alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha wasomaji kule Kayole, mashariki mwa Nairobi. Nikisema chama, mtu wa Eastlands ananielewa bila maelezo: ni kama vile vyama vya akina mama vya kuchangiana kwa zamu, huyu akipokea mwezi huu na yule mwezi ujao, ila sisi tulizungushiana vitabu. Tulikuwa na mwenyekiti, katibu, dua mbili za kufungulia kikao, moja ya kanisani na moja ya msikitini, kumbukumbu za kikao kilichopita, na mwishoni kile kipengele cha mengineyo ambacho ndicho kilichotengwa kwa ugomvi. Tulikutana Jumamosi alasiri katika darasa la chekechea nyuma ya Spine Road, tukikalia viti vya watoto, magoti yametugusa kidevuni. Mwenyekiti peke yake alikuja na kiti cha plastiki kutoka kwake, chenye mikono. Kwa hiyo kila alichosema kilitoka juu.

Tulisoma vitabu vya nchi za watu. Hicho ndicho kilichotukutanisha: hadithi zilizoandikwa kwa lugha ambazo hakuna mmoja wetu aliyezijua hata kiasi cha kuombea maji, zikaja kutafsiriwa kwa Kiingereza au, kwa bahati, kwa Kiswahili. Shida ilikuwa nakala. Riwaya ya namna hiyo ukiipata Nairobi unapata moja, kwenye meza ya vitabu vya mitumba mjini, na ukirudi wiki ijayo muuzaji yule yule anakuonyesha soksi. Nasi tulikuwa wasomaji sita wenye kiu.

Suluhisho la Mwenyekiti lilikuwa kisu.

Alikuwa na kisu kifupi cha kukatia mazulia. Alikilaza kitabu kifudifudi juu ya meza ya mwalimu wa chekechea, akakipinda mgongo mpaka gundi ikalia, akakikata vipande sita. Hakuangalia sura zinaishia wapi. Kisu kilipotua ndipo tulipogawana. Fundi wa viatu aliyekaa langoni alishona kila kipande kwa uzi wa nailoni, Mwenyekiti akakivika jalada la kaki kama daftari la shule, na kila mmoja wetu akaenda nyumbani na chake. Baada ya wiki mbili tulibadilishana. Na kwa kuwa sote tulianza siku moja, ni mtu mmoja tu aliyeanzia mwanzo. Waliobaki waliingia katika hadithi pale kisu kilipopita, pengine katikati ya sentensi, wakamkuta mtu wasiyemjua akimlilia mtu mwingine wasiyemjua.

Niseme hapa kwamba nina shahada ya uzamili ya fasihi. Tasnifu yangu ilihusu mpangilio wa wakati katika riwaya. Niliishughulikia kwa miaka, na ikasomwa na waliolipwa kuisoma. Katika yote niliyonukuu humo sikuwahi kukutana na fujo ya wakati iliyolingana na kikao chetu kimoja cha Jumamosi.

"Yule mzee mwenye kinu ako aje?" Kevo angeuliza. Kevo ni kinyozi, na alikuwa ndiye mdogo wetu kwa umri, ingawa ana binti wa darasa la sita.

"Mzee yupi? Kwangu alishazikwa," Mama Zuhura angejibu. Yeye ana duka la rejareja mkabala na kinyozi, kwao asili ni Mombasa, na Kiswahili chake kilitufanya sote tuketi wima.

"Ai, mathe! Hiyo si poa. Kwangu ndio anaoa. Nilikuwa nimeanza kumpenda."

"Basi mpende haraka, mwanangu."

Tulicheka mpaka viti vidogo vikalia. Mtu aliyekuwa na kipande cha pili alimwonea huruma aliyekuwa na cha tano, na aliyekuwa na cha tano alimwona wa pili kama mtoto asiyejua kuna kifo duniani. Nimesoma peke yangu na nimesoma darasani, na sijapata kusoma kwa furaha ile tena. Na utaratibu ule ulikuwa wake. Hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote: siwezi kumchukia bila kukatiza mahali nilipofurahi.

Kipande cha sita ndicho kilichokuwa na neno. Vile vitano vingine vilipigiwa kura, vikatoka kwenye kofia ya Kevo. Cha sita kilianzia kwa Mwenyekiti, kitabu baada ya kitabu. "Mwisho unahitaji mtu mzima," alisema, mbele ya Mama Zuhura mwenye wajukuu. Hivyo alijua hadithi inavyoisha kabla yetu sote, akakaa juu ya kiti chake akisikiliza ubashiri wetu kwa tabasamu la daktari aliyekwisha kuona picha ya eksirei. Na kikimtoka yeye, kilifuata njia aliyoitaka. Aliyechelewa, aliyemkatiza, aliyerudisha kipande chenye alama ya chai, alirudishwa nyuma ya foleni ya kipande cha sita. Mimi nilirudishwa mara nyingi. Kosa langu lilikuwa kueleza.

"Profesa atufafanulie," angesema, nami ningevuta pumzi. "Au basi, asitufafanulie. Tuna nusu saa tu."

Sijawahi kuwa profesa. Alijua.

Alikuwa na misemo yake, na aliisema kila mara kama aliyeitunga papo hapo. Tafsiri, alisema, ni chai iliyopashwa moto. Lakini hakunywa nyingine. Nilipomuuliza kwa nini tusisome hata kitabu kimoja cha mwandishi wa hapa kwetu, alinitazama kama niliyependekeza tule sakafuni. "Watu ninaowaona stendi kila siku," alisema, "niende nyumbani niwasome tena?" Tafsiri za Kiswahili alizidharau mara mbili. Kwake zilikuwa za watu walioshindwa na Kiingereza, na alilitangaza hilo kwa Kiswahili cha mkutano wa chifu, chenye kuchukua fursa hii na kusisitiza kwa mara nyingine tena. Majina ya wahusika wa kigeni alitusahihisha bila kuchoka. Jina moja la mji wa baridi alilitamka kwa namna tatu katika kikao kimoja, kila mara akimkemea aliyelitamka kama alivyolitamka yeye awali.

Siku moja alitusomea kwa sauti ukurasa wa yatima mmoja wa nchi ya theluji, akashindwa kuendelea. Alitoa leso safi, akajifuta. Kikao kilipokwisha alikuta watoto wa plotini, zile nyumba za kupanga za jirani, wamekaa kwenye ngazi ya darasa wakikwepa jua, akawafukuza kwa maneno ambayo yatima yule hakuwahi kuambiwa hata na mjomba wake mbaya.

Vitabu vya vijana alivikataa kabisa. Kevo alipoleta kimoja, tafsiri ya Kiswahili ya hadithi ya msichana anayevuka nchi nzima na punda mgonjwa, Mwenyekiti alikigeuza upande huu na huu akasema hakistahili kisu. "Hiki ni cha mtoto wako." Basi kikazunguka kizima, kikawa kitabu pekee tulichowahi kukisoma kuanzia mwanzo. Kilipofika kwake kilikaa. Kevo alikidai, binti alikidai, kikakaa. Kiliporudi, alisema amekipitia tu. Wiki chache baadaye, katika mjadala wa riwaya nzito ya vita, akasema kwa ukali, "Kama yule msichana asingemshusha punda mtoni asubuhi ile!" Hakuna aliyemcheka. Tuliangalia chini, kila mtu akiuma midomo, kwa sababu kipande cha sita cha vita bado kilikuwa mikononi mwake.

Na kwa kuwa nimeahidi kutokuwa mwadilifu, wacha nimalize haraka jambo moja la upande wake. Nilipolazwa kitandani na taifodi, mtu aliyepanda ngazi zote hadi ghorofa yangu mvua ikinyesha alikuwa yeye, kipande changu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, yeye mwenyewe ameloa. Mke wangu alimkaribisha. Alisimama mlangoni. "Sikuja kumwona," alimwambia. "Nimeleta kitabu." Akashuka. Nimelifikiria sana tendo lile na nimeshindwa kulifanya liwe wema, wala siwezi kulifanya liwe kitu kingine.

Sasa riwaya ya kinu.

Ilitoka nchi moja ya milimani, nene, na ilikuwa kwa Kiswahili, tena kwa herufi kubwa kiasi. Inahusu dada wawili waliorithi kinu cha maji cha kusaga nafaka. Mdogo anaondoka kwa hasira, mkubwa anabaki, anazeeka, anaugua, na mtu unasoma vipande vitano ukijiuliza jambo moja: mdogo atarudi kabla mkubwa hajafa? Mama Zuhura ndiye aliyeiomba. Alikuwa ametueleza sababu katika mengineyo, bila kulia wala kupunguza sauti.

"Macho yangu yanafunga kutoka pembeni," alisema. "Daktari anasema matone yatachelewesha, hayatazuia. Sasa hivi nasoma kama mtu anayechungulia tundu la mlango. Nataka kitabu kimoja kinene nikimalize kwa macho yangu mwenyewe. Baada ya hapo, Mungu akipenda, nitasikiliza redio."

"Si utasomewa, mathe," Kevo akasema. "Mimi nitakusomea."

"Nikisomewa namsikia anayesoma. Nikisoma mwenyewe ndio nasikia kitabu."

Alisoma kwa kusogeza kichwa badala ya macho, mstari kwa mstari, asubuhi tu, wakati jua linaingia dukani. Kipande kilichotuchukua wiki mbili kilimchukua zaidi, nasi tulisubiri. Hata Mwenyekiti alisubiri, naye hakumrudisha nyuma. Mpaka siku ile ya hukumu.

Kwa maana Mwenyekiti alikuwa na desturi ya kutoa hukumu. Kitabu kikikaribia kuisha alitamka maana yake, na katibu akaiandika. Siku hiyo alisema, "Katibu, andika: dada mdogo ni mbinafsi."

"Usiandike," Mama Zuhura akasema.

Kalamu ikasimama.

"Katika kipande cha nne," akaendelea, "anapoondoka anaufukia ufunguo wa ghala ndani ya unga, dada yake aukute akipika. Mbinafsi angeondoka nao."

Mwenyekiti alitabasamu. "Mama, hicho sicho kilichoandikwa. Hayo ni macho."

Ukutani nyuma yake palikuwa na picha ya tembo na herufi T, na nakumbuka niliitazama sana.

"Macho yangu ni mabovu, Mwenyekiti," Mama Zuhura akasema taratibu. "Lakini wewe ukipewa kioo badala ya kitabu, utakisoma mpaka mwisho, na utakisifu."

Kevo alianguka kutoka kwenye kiti chake. Katibu, mwanamke mpole wa kwaya, alicheka akiwa amejiziba kwa daftari la kumbukumbu. Mimi nilicheka kwa sauti ambayo bado naisikia kwa raha. Mwenyekiti alingoja tumalize.

"Kipande cha sita hutakipata," alimwambia, "mpaka uombe radhi. Si kwangu. Kwa kiti."

"Hiki cha plastiki?" Kevo aliuliza kutoka sakafuni.

Hapo ndipo chama kilipokufa. Jumamosi iliyofuata hakuna aliyekwenda, wala yeye. Baadaye tukasikia amehamia mtaa wa Fedha, kwenye nyumba ya mwanawe aliyeko ng'ambo, na amekwenda na kipande.

Nilitafuta nakala nyingine. Nilipita meza zote za mjini, niliwaandikia wachapishaji, wakanijibu kwa adabu kwamba kimekwisha na hakuna mpango wa kukichapa tena. Mama Zuhura alikuwa akinipigia simu. Mwanzoni aliuliza kwa mzaha. Mvua zikaja zikapita, na siku moja akaniambia tu, "Profesa, kile kitundu kinazidi kuwa kidogo."

Nikaenda Fedha.

Alinifungulia mwenyewe. Alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, lakini sauti ilikuwa ile ile. Alinipa chai kwenye kikombe chenye kisahani. Sebuleni palikuwa na rafu, na kwenye rafu hiyo, migongo ya kaki imesimamishwa kwa usawa, vilikuwepo vipande vya sita vya kila kitabu tulichowahi kusoma. Vile vingine vilikuwa vimetapakaa Kayole, chini ya vitanda vyetu, vingine vimefungia maandazi. Miisho yote ilikuwa kwake.

"Amekutuma?" akauliza.

"Nimejituma."

"Basi jitume tena kwake, aombe radhi."

Nilitoa simu, nikampigia Mama Zuhura, nikafungulia spika na kuilaza mezani kati ya vikombe. Nilimweleza mahali nilipo na sharti lenyewe. Nilitarajia asite, mimi mwenyewe nilikuwa nimeandaa hotuba nzima ya kumbembeleza. Hakusita.

"Mwenyekiti, hujambo," alisema.

"Sijambo, mama."

"Nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nimekosa. Naomba radhi kwako na kwa kiti chako. Sasa mpe Profesa kitabu aje nacho, jua bado lipo."

Alisema kama mtu anayeweka sufuria chini ili afungue mlango. Niliona uso wa Mwenyekiti. Kwa miezi yote ile alikuwa amekaa na rafu yake akiingoja radhi ile, na ilipofika ilimalizika kabla hajainua kikombe. Alingoja kidogo, labda kuna nyingine nyuma yake. Haikuwepo.

Akaisogelea simu. "Mama," alisema, kwa upole ulionitia baridi, "kwa macho hayo utateseka bure. Wacha nikusaidie. Ni hivi: yule mdogo, baada ya ile theluji—"

"Mwenyekiti, usiniambie."

"—anaipata barua ya—"

Mama Zuhura akakata simu. Kwa muda kioo chake kiliwaka pale mezani, kisha kikazima.

Hakunyamaza. Aliinua kichwa, akaniangalia mimi, akaendelea kutoka pale pale alipokatizwa: theluji, barabara, mlango wa kinu, nani alikuwa hai na nani hakuwa, na neno la mwisho ni lipi. Alisimulia vizuri. Ningeweza kuziba masikio. Ningeweza kuondoka. Nilikaa pale na kisahani mkononi kama mtu aliyesomeshwa, nikamsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu nami, wallahi, nilitaka kujua.

Alipomaliza alikwenda kwenye rafu, akakivuta kipande, akakitupa mapajani mwangu.

"Chukua," alisema. "Sasa ni karatasi."

Niliondoka bila kumuaga. Sijamwona tena, na nikisikia ameugua nitamtumia matunda kwa mkono wa mtu mwingine.

Mama Zuhura alikuwa nyuma ya kaunta. Nilimwekea kipande mbele yake. Alikipapasa kwanza, kisha akanisogelea sana usoni, mpaka nikaingia katika kile kitundu chake.

"Alikumalizia wewe?"

"Alinimalizia."

"Yote?"

"Yote."

"Inaonekana. Toka, Profesa. Sitaki kuisoma usoni kwako. Nenda kakae kwa Kevo."

Nilivuka njia, nikakaa kwenye kiti cha kinyozi. Kevo alikuwa akimnyoa mteja, alizima mashine.

"Ni hiyo? Manze, inaisha aje?"

Nilifungua mdomo.

"Wacha!" akanirushia taulo. "Nafuata mimi."

Kule ng'ambo ya njia Mama Zuhura alivuta kigoda hadi kizingitini, mahali jua lilipobaki. Alibandua jalada la kaki akaliangusha, akaleta kurasa karibu na pua, na kichwa chake kikaanza kusafiri, kutoka kushoto kwenda kulia, polepole. Akaja mwanamke mmoja na mtoto mgongoni.

"Mama Zuhura, nipe sukari robo."

"Hakuna."

Gunia lilikuwa wazi nyuma yake, kijiko kimesimama ndani. Mwanamke alilitazama, akamtazama yeye.

"Na chumvi?"

"Hakuna."

"Kwani duka limefungwa?"

"Liko wazi," Mama Zuhura alisema, kichwa kikiendelea na mstari wake. "Mimi ndiye sipo."